Kupanda na kukata glirisidia katika mashamba ya mahindi ya Lubumbashi

Glirisidia, ambayo wataalamu wa mimea huiita Gliricidia sepium, ni mti mdogo wa jamii ya kunde ambao kwa kawaida hauzidi mita 10 hadi 12, na ambao hupukutisha majani yake wakati wa kiangazi. Asili yake ni misitu mikavu ya Meksiko na Amerika ya Kati, mahali ambapo mvua hukatika kwa miezi mitano hivi kila mwaka na mti hubaki na matawi matupu, yenye maua ya rangi ya waridi, hadi mvua irudi. Mwendo huo wa majira unafanana sana na wa kwetu Lubumbashi, ambako mvua hushika kwa uhakika mwezi wa Novemba, hukatika karibu na Aprili, na ardhi hukaa kavu kuanzia Mei hadi Septemba. Ndiyo sababu mti huu, ingawa umetoka mbali, umekubali vizuri katika nchi jirani ya Zambia na huko Malawi, na ndiyo sababu naona unastahili nafasi katika mashamba yanayouzunguka mji wetu, iwe upande wa Kasenga, wa Kipushi, wa Likasi au wa Kasumbalesa.

Kila mwenye shamba katika pande hizo anajua hali ya udongo wake. Udongo mwekundu wa hapa kwa sehemu kubwa ni mchachu, virutubisho vyake husombwa na mvua kwenda chini ambako mizizi ya mahindi haifiki, na shamba linalolimwa miaka mitatu au minne mfululizo bila mbolea hutoa mavuno ya kusikitisha. Mbolea ya dukani ipo, lakini bei yake hupanda na kushuka kwa sababu ambazo mkulima hana mamlaka nazo, na mara nyingi huchelewa kufika hadi mahindi yamekwisha kupita wakati wa kuihitaji. Glirisidia haiondoi haja yote ya mbolea hiyo, lakini inaweza kupunguza sana sehemu iliyo ghali zaidi, yaani naitrojeni. Mizizi yake ina vinundu vinavyokaa bakteria wenye uwezo wa kuchukua naitrojeni iliyo hewani na kuugawia mti, na mti huiweka kwa wingi katika majani. Majani makavu ya glirisidia huwa na naitrojeni ya asilimia 3 hadi 4. Kwa hesabu rahisi, tani moja ya majani makavu, ambayo ni sawa na tani nne au tano za majani mabichi, inabeba kilo 30 hadi 40 za naitrojeni, wakati mfuko mmoja wa mbolea ya yurea wa kilo 50 unabeba kilo 23. Si naitrojeni yote hiyo itakayofika kwenye mahindi katika msimu uleule, kwa kuwa sehemu yake hubaki udongoni na kutoka polepole, lakini kwa udongo uliochoka hiyo nayo ni faida.

Kabla ya kuingia katika hatua zenyewe, kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kwa nguvu, kwa sababu wengi hulipuuza kisha wakaulaumu mti. Glirisidia hailishi mahindi kwa kusimama tu shambani. Huyalisha inapokatwa, majani yake yakafukiwa, tena katika majuma ambayo mahindi yanayahitaji. Mti ulioachwa ukue upendavyo utatia kivuli na kugombania maji na mazao yaliyo karibu nao, na baada ya miaka miwili mwenye shamba atakuwa na miti mizuri na mahindi mabaya. Anayeona kwamba hatapata mikono ya kukata kwa wakati ni heri aipande mipakani tu.

Hatua ya kwanza: kuchagua mahali

Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 na zaidi kidogo juu ya usawa wa bahari, na katika misitu ya asili glirisidia huonekana hadi kimo kama hicho. Maana yake ni kwamba hapa kwetu tuko karibu na mpaka wa baridi ambayo mti unaweza kuivumilia. Joto likishuka chini ya nyuzi 15 kwa muda mrefu, mti huacha majani na kusimama; jalidi ikianguka, matawi machanga hufa. Kwa hiyo epuka mabonde ya dembo, ambako hewa baridi ya Juni na Julai hukusanyika usiku na ambako maji husimama wakati wa masika, kwa sababu mti huu hauvumilii mizizi iliyozama majini. Chagua mteremko mwororo au sehemu ya juu inayopitisha maji. Uchachu wa kawaida wa udongo wetu hauuzuii kukua, ingawa pale ambapo hata mihogo inadumaa ni bora kutotegemea muujiza.

Moto na mbuzi ndio maadui wakubwa wa mwaka wa kwanza. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyasi za misituni huchomwa karibu kila mahali, na mche wa urefu wa goti hauna nguvu ya kupona moto huo. Fyeka na kulima ukanda wa mita tatu au nne kuzunguka shamba kabla ya mwisho wa Juni, na usichome mabua ya mahindi ndani ya shamba lenye miche.

Jambo jingine si la kilimo, lakini limewaharibia watu kazi. Mashamba mengi ya pembeni mwa mji ni ya kukodi au ya kupewa na chifu wa kijiji kwa msimu. Kupanda mti katika ardhi ya namna hiyo kunaweza kueleweka kama kudai umiliki, na mwenye ardhi anaweza kung'oa kila kitu mwaka wa pili, wakati hasa ambao faida ilikuwa inakaribia. Zungumza naye mapema, mbele ya mashahidi, na ikiwezekana mwandikiane ni miaka mingapi utalima na miti itakuwa ya nani utakapoondoka. Kama hakubali walau miaka minne au mitano, panda kunde na karanga, uiache miti.

Hatua ya pili: kupata mbegu

Shamba lolote ambalo litachanganywa na mahindi lipandwe miche iliyotoka kwenye mbegu. Wengi hupendelea kukata matawi na kuyachomeka ardhini kwa kuwa ni kazi ndogo na mti huonekana mkubwa mara moja, lakini mti wa tawi hautoi mzizi mkuu. Mizizi yake husambaa juu juu, palepale mahindi yanapokula na kunywa. Mti wa mbegu hushusha mzizi wake chini, ukanyonya naitrojeni iliyosombwa na mvua na kuirudisha juu kwa njia ya majani. Matawi yana kazi yake kwenye ua, nitakayoieleza baadaye.

Kilo moja ina mbegu kati ya 4,500 na 11,000, kulingana na ukubwa wake, hivyo nusu kilo ina zaidi ya mbegu 2,000. Mbegu nzuri ni bapa, yenye rangi ya kahawia na ganda linalong'aa. Zile zilizosinyaa au zenye matundu ya wadudu zitupwe, tena zitupwe mahali ambapo kuku na watoto hawafiki, kwa sababu mbegu za glirisidia zina sumu; watu wa Amerika ya Kati wamezitumia tangu zamani, pamoja na magome ya mti, kuulia panya. Anayenunua kutoka Zambia au Malawi aulize kama ni mbegu za aina ya Retalhuleu, zilizotoka Guatemala, kwa kuwa katika majaribio ya nchi nyingi aina hiyo imetoa majani mengi kuliko nyingine nyingi. Kabla ya kununua nyingi, chukua mbegu 20, zifunge katika kitambaa chenye unyevu, uziweke mahali penye joto: mbegu mpya huanza kuota ndani ya siku 3 hadi 10, na zikiota chini ya 14 au 15, ongeza kiasi cha mbegu utakazopanda au tafuta muuzaji mwingine.

Kituo cha Kipopo cha INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuuliza kuhusu mbegu na udongo kabla ya kutumia fedha.

Hatua ya tatu: kitalu

Miche inahitaji wiki 8 hadi 12 kitaluni. Kwa kuwa wakati mzuri wa kuipeleka shambani ni kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, mbegu zipandwe katika siku za kwanza za Septemba, baridi inapokuwa imekwisha. Anayepanda Julai ataona mbegu zikikaa kimya ardhini na nyingine zikioza. Anayesubiri hadi Novemba atapeleka shambani miche midogo katikati ya Januari au Februari, nayo haitakuwa na muda wa kushusha mizizi kabla ya mvua kukatika.

Tengeneza udongo wa kitalu kwa kuchanganya ndoo tatu za udongo mweusi wa juu, ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa na ndoo moja ya udongo wa kichuguu uliosagwa na kuchekechwa. Vichuguu vikubwa ni utajiri wa nchi hii ambao kwa kawaida tunaufikiria kwa ajili ya matofali tu. Udongo wake una chokaa na potasi zaidi kuliko udongo unaovizunguka, na uchachu wake ni mdogo. Usitumie zaidi ya kiasi hicho, kwa sababu una mfinyanzi mwingi na hugandamana. Kama kuna glirisidia zilizokwisha kukua karibu, chukua konzi chache za udongo wa chini yake na kuzichanganya humo, ili bakteria wa vinundu wawepo tangu mwanzo. Pasipo na miti hiyo usijali sana, kwa kuwa mara nyingi bakteria wanaoishi na mimea mingine ya jamii ya kunde huikubali.

Jaza vifuko vya plastiki vyenye upana wa sentimita 10 na kina cha 15 hadi 20, vilivyotobolewa chini. Loweka mbegu katika maji baridi usiku mmoja, kisha weka mbegu mbili katika kila kifuko kwa kina cha sentimita moja au mbili. Mbegu hizi hazihitaji maji ya moto wala kukwaruzwa, na anayezimwagia maji yanayochemka kama anavyofanya kwa mbegu za miti mingine huziua. Zikishaota na kufikia urefu wa kidole, acha mche mmoja wenye nguvu na kuukata mwingine kwa mkasi badala ya kuung'oa, usije ukavuruga mizizi ya ule unaobaki.

Septemba na Oktoba ni miezi mikavu na yenye joto kali, kwa hiyo kumwagilia asubuhi na jioni ni lazima, na kivuli cha nyasi kilichoinuliwa kwa fito kinafaa kwa wiki tatu au nne za mwanzo. Baada ya hapo ondoa kivuli kidogo kidogo. Inua vifuko mara kwa mara na kukata mizizi inayotoboka chini, la sivyo siku ya kuvihamisha utaacha nusu ya mche ardhini. Vidukari vinaweza kujaa kwenye vichipukizi na kuyafanya majani yajikunje. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha kuviondoa. Mchwa ni tatizo kubwa zaidi: weka majivu chini ya vifuko na usiache vipande vya nyasi kavu au mbao karibu navyo.

Wiki mbili kabla ya kupanda, punguza maji ili miche izoee. Ule wenye urefu wa sentimita 30 na shina lililoanza kukakamaa uko tayari.

Hatua ya nne: kupanda shambani

Kuna njia mbili za kupanga miti, na uchaguzi hutegemea nguvu kazi iliyopo nyumbani. Ya kwanza ni ile iliyofanyiwa majaribio kwa zaidi ya miaka 10 huko Makoka, kusini mwa Malawi, na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo-Misitu, ICRAF: miti hupandwa katika mfereji mmoja kwa kila mifereji miwili ya matuta, nafasi ya sentimita 90 kati ya mti na mti na mita 1.5 kati ya mstari na mstari, jumla ya miti 7,400 hivi kwa hekta. Katika majaribio hayo mahindi yasiyotiwa mbolea ya dukani yalizaa zaidi ya mara mbili ya yale yaliyolimwa peke yake, mwaka baada ya mwaka. Njia ya pili, inayotumika sana mashariki mwa Zambia, huacha mita 5 kati ya mistari na mita 1 kati ya mti na mti, yaani miti 2,000 kwa hekta.

Kwa maoni yangu njia ya pili ndiyo inayofaa familia nyingi za Lubumbashi. Miti 7,400 inatoa majani mengi, lakini inadai kukatwa mara tatu katika msimu ambao watu walewale wanapanda, wanapalilia na wengine wanashinda kazini mjini. Shamba la mita 50 kwa mita 50 litahitaji miti 500 tu, na watu wawili wanaweza kuitunza. Nafasi ya mita 5 pia inaruhusu trekta ndogo au ng'ombe wa kulima kupita. Elekeza mistari kutoka mashariki kwenda magharibi ili kivuli kisiangukie mahindi muda mrefu. Lakini penye mteremko mkali, fuata mistari ya kuzuia mmomonyoko hata kama jua litapotea kidogo.

Subiri hadi mvua iwe imelowesha udongo kwa kina cha sentimita 30. Mvua za kwanza za Oktoba ni za kudanganya, na miche mingi hufa kwa ajili ya mkulima aliyeziamini. Chimba shimo la kina na upana wa sentimita 30, rudisha udongo wa juu kwanza pamoja na konzi mbili za samadi, toa plastiki yote, weka mche kwa kina kilekile ulichokuwa nacho kifukoni, kisha shindilia kwa kiganja. Kazi hii ifanyike jioni au siku ya mawingu. Weka akiba ya mche mmoja kwa kila kumi ili kuziba mapengo baada ya wiki tatu.

Acha sehemu ndogo ya shamba bila miti kabisa, yenye udongo uleule. Bila sehemu hiyo hutaweza kujua, mwaka wa tatu, kama mavuno yaliyopanda yametokana na glirisidia au na mwaka wa mvua nzuri.

Mwaka wa kwanza

Usikate chochote. Palilia mduara wa sentimita 50 kuzunguka kila mche, panda karanga au maharage karibu na mistari badala ya mahindi marefu yatakayoifunika miche, na linda shamba dhidi ya mbuzi. Mwezi wa Machi chimba taratibu pembeni mwa mche mmoja, toa vinundu viwili vitatu na kuvipasua kwa ukucha. Vikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, bakteria wanafanya kazi. Vikiwa vyeupe au kijani kila mahali, leta udongo wa chini ya glirisidia iliyokomaa na kuufukia kwenye mizizi.

Juni na Julai majani yatanyauka na kuanguka, hasa usiku ukiwa wa baridi kali. Mti haujafa. Kwaruza gome kwa ukucha: pakiwa kijani chini yake, subiri Septemba.

Kukata na kufukia majani

Hapa ndipo kazi yote ilipokuwa inaelekea, na ndipo panapohitaji uangalifu mkubwa. Kata kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa msimu wa pili wa mvua, ikiwa shina limepita unene wa sentimita 2 na mti umepita kimo cha mita moja na nusu. Miti iliyo midogo kuliko hiyo iachwe hadi Januari, au hata hadi mwaka unaofuata, kwa kuwa kuukata mti ambao haujaweka akiba mizizini ni kuudhoofisha kabisa. Tumia panga lililonolewa vizuri, kata kwa mshazari kutoka chini kwenda juu, sentimita 30 kutoka ardhini, na usiache gome lililochanika, kwa sababu hapo ndipo ukungu na mchwa huingilia. Kisiki kitatoa machipukizi mengi ndani ya wiki chache.

Katika mwaka wa kawaida miti hukatwa mara tatu. Mara ya kwanza ni mwisho wa Oktoba au siku za kwanza za Novemba, wiki moja au mbili kabla ya kupanda mahindi. Huu ndio ukataji wenye majani mengi, kwa sababu mti umejikusanyia nguvu tangu Februari. Pukuta majani pamoja na vitawi laini, yatandaze katikati ya tuta la zamani, kisha lifunike kwa kulipasua na kulijenga upya juu yake. Majani ya glirisidia huoza upesi sana. Nusu yake hivi hupotea ndani ya wiki tatu kukiwa na unyevu. Kwa hiyo ukiyafukia mwanzoni mwa Oktoba kisha mahindi yakapandwa Desemba, naitrojeni nyingi itakuwa imekwisha kusombwa. Mvua ikichelewa, chelewesha pia kukata.

Mara ya pili ni mahindi yanapofika wiki tano au sita, yaani kati ya mwisho wa Desemba na katikati ya Januari, kabla hayajatoa mbelewele. Wakati huu mahindi yana njaa kuliko wakati mwingine wowote, na machipukizi ya mti yameanza kuyatia kivuli, hivyo ukataji mmoja unatimiza mambo mawili. Fukia majani kwenye ubavu wa tuta wakati wa palizi ya pili. Mara ya tatu ni Februari. Majani ni machache, na yanaweza kutandazwa juu ya ardhi kuzuia magugu na kutunza unyevu. Baada ya hapo uache mti hadi Oktoba.

Fanya kazi ya kukata na kufukia katika siku ileile. Majani yaliyoachwa juani hupoteza sehemu ya naitrojeni kwenda hewani. Vijiti vinene kuliko kidole visifukiwe, kwa sababu vinapooza hunyang'anya mahindi naitrojeni iliyopo udongoni. Vipeleke nyumbani vikawe kuni. Kuni za glirisidia huwaka polepole na moshi wake ni mdogo, na katika mji ambao misitu yake ya miombo imeliwa na makaa kwa umbali wa kutisha, kila fungu la kuni linalotoka shambani ni mti mmoja wa miombo uliopumzishwa.

Lipo pungufu moja ambalo lazima lisemwe wazi. Glirisidia huleta naitrojeni, lakini haileti fosforasi ya maana, na udongo wetu mwekundu una tabia ya kuikamata fosforasi na kuizuia isifike kwenye mimea. Dalili zake ni mahindi machanga yenye majani ya rangi ya zambarau kwenye kingo, na ukiyaona, kuongeza majani ya mti hakutasaidia. Endelea kutia samadi kwenye mashimo ya mahindi, au nunua nusu ya kiasi cha mbolea ya kupandia uliyozoea kutumia, na fedha ambayo ungenunulia yurea ya kukuzia ibaki mfukoni. Kwa mwenye uwezo mdogo huo ndio mgawanyo wa busara.

Ua wa miti hai

Kwa ua, tumia matawi. Mwezi wa Septemba au Oktoba, kabla majani mapya hayajatoka, chagua matawi yaliyonyooka yenye umri wa zaidi ya miezi sita, gome lake likiwa limeanza kuacha ukijani, unene wa sentimita 3 hadi 6 na urefu wa mita 1.5 hadi 2. Kata sehemu ya chini kwa mshazari, yasimamishe kivulini siku chache, kisha yachimbie sentimita 40 mvua zikishaanza. Usiyagongelee kwa nyundo. Chimba shimo kwa mtalimbo, kwaruza gome la sehemu itakayozikwa ili mizizi itoke kwa wingi, weka majivu kidogo dhidi ya mchwa, na funika kichwa cha tawi kwa udongo wa mfinyanzi lisikauke. Nafasi ya nusu mita inatosha, na waya au fito zifungwe baada ya mwaka mmoja, mizizi ikishashika.

Mifugo

Mbuzi, kondoo na ng'ombe hula majani haya, yenye protini nyingi, lakini mara ya kwanza huyakataa kwa sababu ya harufu. Yanyaushe usiku mmoja, changanya na nyasi, na yasizidi theluthi moja ya chakula cha siku. Majani yaliyoota ukungu yasitumike hata kidogo, kwa kuwa kinachotoa harufu ile hugeuka kuwa sumu inayozuia damu kuganda. Farasi, mbwa, nguruwe na sungura wasipewe kabisa.

Mbegu za miaka inayofuata

Mti unaokatwa kila mara hauchanui. Chagua miti kumi au kumi na tano kwenye mpaka, iliyo mbali na msitu wa asili ili mbegu zisijisambaze humo, na usiiguse kwa panga. Itachanua wakati wa kiangazi, na nyuki watakuja kwa wingi wakati ambao maua mengine ni haba. Maganda yakianza kugeuka kutoka kijani kuwa kahawia, yachume mara moja, kwa sababu yakikauka mtini hupasuka kwa nguvu na kurusha mbegu mbali. Yaanike juu ya mkeka na kuyafunika kwa chandarua cha zamani, yatapasukia humo. Kausha mbegu kivulini siku mbili zaidi, zitie katika chupa kavu pamoja na majivu kidogo, izibe kabisa, na andika mwaka wa kuchuma juu yake. Kila Novemba, visiki vilivyokufa vizibwe kwa miche mipya iliyotoka kwenye chupa hiyo, na mistari ambayo machipukizi yake yamekuwa membamba na ya manjano ipumzishwe msimu mmoja bila kukatwa mara ya tatu.